Kikapu cha Mkate Kwenye Meza ya Wakwe

Mpendwa Bi Verna,

Naomba msaada wako kabla sijakosa harusi ya mtoto wangu wa pekee, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, ingawa mume wangu Duane anasema hakuna binadamu atakayevuka pale kwenye kikapu bila kucheka.

Nina miaka sitini na miwili, natoka Fond du Lac, Wisconsin, na kwa miaka thelathini na minne nilibeba sahani kwenye mgahawa mmoja kando ya ziwa, ule wa samaki wa kukaanga kila Ijumaa, ambapo mwajiri alitulipa dola mbili na ushee kwa saa, hela ya soksi, na kila kitu kingine kilitoka mifukoni mwa wateja, kwa hiyo nikisema nilimlea binti yangu Janelle, aliyefanyia kazi zake za shule pale jikoni tangu ana miaka saba, kwa bakshishi sipambi maneno, waya za meno yake zililipwa na meza namba sita na ada yake ya chuo ya mwaka wa kwanza ililipwa na walevi wa Jumamosi, Mungu awabariki.

Sasa Janelle amepata mchumba, Callum, kijana wa New Zealand aliyekuja kwetu kufunga mashine za kukamulia ng'ombe akanogewa akabaki, mpole, mchapakazi, hata Duane anampenda, na Duane hampendi mtu yeyote aliyezaliwa nje ya wilaya yetu. Callum ndiye aliyepanga twende pamoja na meli ya kitalii, siku saba kutoka Fort Lauderdale kwenda Jamaika na Meksiko na kurudi, ili sisi na mama yake, Gaynor, ambaye ni mjane, tuzoeane kabla ya harusi. Vyumba vitatu, vyote kwa jina la Callum, na meza moja ya chakula kila jioni.

Gaynor alifanya kazi kiwanda cha nyama miaka thelathini, na ishirini kati ya hiyo alikuwa msemaji wa chama cha wafanyakazi, mwanamke mwenye mabega, mwenye sauti ya kufika uzio wa pili. Nilimpenda, Bi Verna, nakuapia. Kwa saa mbili hivi.

Jioni ya kwanza mhudumu wetu alikuja, Ketut, kutoka Bali, mtu wa miaka arobaini hivi, mkono mwepesi, sahani nne kwa safari moja bila kikombe kulia, mimi najua kazi nikiiona, na Duane akampa mkono kama tufanyavyo kwetu, na ndani ya mkono kulikuwa na noti ya dola ishirini. Gaynor akaona.

"Unampa ya nini, Duane? Hajafanya kitu bado."

"Ndiyo maana nampa," akasema Duane. "Ili afanye."

"Kwetu hiyo tunaiita rushwa."

"Kwetu tunaiita Jumamosi."

Tukacheka wote, hata yeye, lakini baada ya supu akatupa somo zima, kwamba bakshishi ni ujanja wa matajiri wa kukwepa kulipa watu wao, kwamba aliyekuajiri ndiye akulipe, na kwamba mtu mzima hapaswi kuchekeachekea wageni ndipo apate chakula cha watoto wake, na kila aliposema "kuchekeachekea" nilijiona mimi nikiwa na aproni yangu ya kijani nikichekeachekea meza namba sita, lakini nikapaka siagi mkate wangu, nikapaka tena.

Siku ya tano nikaenda mapokezi kulalamikia bia ambayo Duane alisema hakuinywa (aliinywa), wakanipa karatasi ya matumizi yetu, na jicho langu likatafuta mstari wa bakshishi ya kila siku, ile wanayokata wenyewe kwa ajili ya wahudumu wote, na mstari haukuwepo. Nikamuuliza binti wa mapokezi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Iliondolewa siku ya pili, mama. Yule bibi mliyekuja naye alisema kwa kundi zima, na kwa kuwa mmeandikishwa pamoja tukaondoa kwa vyumba vyote vitatu." Siku tano, Bi Verna! Siku tano yule mtu ananikunjia kitambaa changu umbo la sungura, na mimi, Marlene Stollberg, nimekaa pale nikimshukuru kwa meno tu.

Sasa nakiri. Ningeweza kumvuta Gaynor pembeni, nilikuwa na mchana mzima, lakini nilikaa kwenye kiti kando ya bwawa la kuogelea nikipanga maneno, na nilikuwa na raha ya ajabu kuyapanga. Ilikuwa jioni ya kambakoche. Gaynor aliagiza sahani ya pili, na Ketut alipoileta ndipo niliposimama, nikachukua kikapu cha mkate, nikamwaga mkate wote mbele ya Duane, nikatia dola arobaini, nikamsogezea Gaynor chini ya kidevu.

"Mchango wa Ketut," nikasema. "Maana kuna mtu alimlia mshahara wake kabla hajamla huyo kamba."

Aliponiangalia tu bila kutoa kitu nikaenda meza ya jirani. Nikaeleza. Kisha meza ya pili. Daktari mmoja wa meno kutoka Texas akatoa mia nzima, watu wakampigia makofi, nikapata moto, nikazunguka meza sita, Bi Verna, kama mzee wa kanisa siku ya mavuno. Niliporudi Gaynor alikuwa amesimama.

"Umemgeuza huyu bwana ombaomba mbele ya ukumbi mzima," akasema.

"Mimi? Binti anayeolewa na mwanao nilimlea kwa pesa hizi hizi. Ulitaka nimlee kwa nini, kwa hotuba zako?"

"Angelelewa kwa mshahara wako," akasema, "kama waajiri wenu wangekuwa na haya, na kama ninyi mngewahi kudai."

Nilifungua mdomo nimjibu, na ndipo Janelle aliposema, tena kwa sauti ya chini, "Mama. Kaa chini."

Nikakaa. Nikamnyooshea Ketut kikapu, akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akatabasamu, akasema, "Asante sana, Bi Marlene, haifai," mara tatu hivi, na mkuu wa ukumbi alikuwa tayari amefika na tai yake. Ketut aliguswa mno, nilimwona. Kesho yake alipewa mapumziko, tukahudumiwa na kijana mwingine jioni mbili zilizobaki, ambazo Gaynor alikula chumbani kwake.

Sasa ni wiki tatu tangu turudi. Kikapu nilikiacha lakini pesa ninazo, dola mia tatu na kumi na mbili, ziko kwenye kopo la kahawa kwa sababu sijui ni za nani. Harusi ilikuwa iwe hapa kwetu, Oktoba, na ukumbi lazima uthibitishwe kabla mwezi huu kuisha. Janelle amenipigia simu mara moja tu. Ameniambia nisipomwomba Gaynor radhi wataenda kufunga ndoa New Zealand, wenyewe, na watanitumia picha. Picha, Bi Verna! Duane anasema niombe radhi tu yaishe, lakini Duane angemwomba radhi hata mbu. Mimi nasema sikukosea. Yule mtu alinyimwa haki yake na mimi nikasimama. Naombaje radhi kwa jambo ambalo nilikuwa na haki? Na kama nisipoomba, nitamkosa mwanangu?

Kila nikifumba macho nasikia "kaa chini". Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote.

Wako mwenye kikapu,
Marlene S., Fond du Lac


BI VERNA ANAJIBU

Marlene mwenzangu,

Nilicheka. Duane kashinda. Nilicheka kwenye kikapu, nikacheka zaidi kwenye "kwetu tunaiita Jumamosi", kisha nikafika pale uliposema Ketut "alipewa mapumziko", nikaweka kikombe changu cha chai mezani, na sijacheka tena tangu hapo.

Wasomaji wangu wanajua kwamba kabla ya kukaa hapa bandarini na kuandika majibu ya watu waliogombana baharini, mimi binti wa kisiwa cha Saint Vincent nilibeba trei kwenye meli hizo kwa miaka kumi na mmoja. Sasa nisikilize vizuri. Hakuna mapumziko jioni mbili za mwisho. Hizo ndizo jioni ambazo bahasha za bakshishi zinatembea, ndizo ambazo mhudumu mwenye homa hujipaka poda akaja kazini akitetemeka. Ketut hakupumzishwa. Aliondolewa kwenye meza yako, na aliondolewa kwa sababu yako.

Mhudumu wa meli haruhusiwi kuomba, haruhusiwi kudokeza, haruhusiwi hata kuonekana akichangiwa. Abiria wanalalamika, kampuni inaona aibu, na mkuu wa ukumbi akikuta kikapu kinazunguka meza sita haulizi wazo lilikuwa la nani. Anaandika jina lililo kwenye beji. Kule kuweka mikono nyuma ya mgongo ulikokuita kuguswa, dada yangu, ni mtu anayemwonyesha bosi wake kwamba hajashika kitu. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa nne, bibi mmoja mwenye moyo mkubwa kama wako na chupa moja zaidi, alipanda juu ya kiti siku yangu ya kuzaliwa akanikusanyia pesa. Nilikaa miezi minne kwenye zamu ya alfajiri nikimimina maji ya machungwa. Yule bibi alinitumia kadi ya Krismasi kuniambia hatasahau furaha iliyokuwa usoni pangu.

Na hilo si kosa lako kubwa. Kosa lako kubwa ni hili. Ulipojua pale mapokezi kwamba bakshishi imeondolewa, ulikuwa umesimama mbele ya binti yule yule anayeweza kuirudisha. Sentensi moja tu, "Irudisheni kwa vyumba vyote vitatu," na dakika tatu baadaye Ketut angekuwa na haki yake yote, pamoja na wafua mashuka na waosha vyombo ambao hujawahi kuwaona na ambao hukuwazungushia kikapu. Hukuisema. Ulienda kukaa kando ya bwawa. Mhudumu wa miaka thelathini na minne, anayejua senti inavyoingia mfukoni mwa mwenzake, hakuona njia hiyo? Uliiona, Marlene. Ila njia hiyo isingemwaibisha Gaynor.

Usianze kulia, sijamaliza, na mwenzako naye ana zamu yake.

Gaynor anasema kweli kwamba mtu alipwe na aliyemwajiri. Nilipokuwa baharini ningemkumbatia msemaji wa chama kama yeye, kama angekuwa na mlango wa kuingilia. Lakini hakuugusa mfuko wa mwenye meli hata senti. Alirusha ngumi kwa bosi, ikampata mhudumu. Tena alirusha kwa niaba ya watu ambao hakuwauliza, na mtu wa chama anajua kabisa kwamba huwezi kuamulia watu kabla ya kuwaita kwenye kikao. Kwao wamezoea mhudumu anayeishi kwa mshahara wake, kwenu mmezoea mhudumu anayeishi kwa mteja wake, na kila mmoja wenu alipanda melini akadhani dunia nzima ni kwao. Mlikaa meza moja siku tano, wanawake wawili mliolea watoto kwa mikono yenu, mnagombania heshima ya mtu aliyesimama hatua moja kutoka kwenu na kinu cha pilipili manga, na hakuna aliyegeuka kumuuliza, "Ketut, ninyi mnapenda iweje?"

Basi, unaniuliza kama uombe radhi. Ndiyo. Ila hujui bado ni kwa nani na kwa nini, ndiyo maana hujapiga simu.

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mpigie simu Gaynor. Angalia saa za kwao kwanza, usimwamshe mtu halafu ukadai amani. Usianze na samahani, atadhani kuna mtego. Mwambie hivi: "Gaynor, kuna mfanyakazi ameandikiwa kosa ambalo si lake, na mimi na wewe ndio tuliomponza. Nahitaji mtu anayejua kuandika barua ya kumtetea." Halafu nyamaza. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini akitetea watu mbele ya mabosi hawezi kulisikia hilo akakata simu, hata kama ni wewe. Ataacha sufuria ikiungua.

Barua hiyo iende kampuni ya meli ikiwa na tarehe, namba ya meza, jina la Ketut kama lilivyoandikwa kwenye beji yake, na isimuliwe bila kujipamba: kikapu kilikuwa wazo la Marlene Stollberg peke yake, mhudumu alikataa mara tatu mbele ya mashahidi, na mnaomba alama hiyo ifutwe kwenye faili lake. Muitie sahihi nyote wawili. Kisha muongeze kurasa mbili za sifa zake, sungura wa kitambaa na sahani nne na yote. Melini sifa iliyoandikwa kwa jina ni kitu kikubwa, wanaisoma wanapoamua nani arudishwe kazini na nani abaki kijijini akisubiri simu. Gaynor ataandika vitisho, wewe utaandika sifa. Msibadilishane.

Pesa zilizo kwenye kopo la kahawa si zako na usizihifadhi kama ushahidi. Iulize kampuni jinsi ya kulipa bakshishi ya siku zote saba kwa vyumba vyote vitatu, hata kama safari imekwisha. Inayopungua jazia mwenyewe. Usimwombe Gaynor hata senti moja, yeye anaamini anachoamini na hujamwoa. Wakikuambia muda umepita, waulize ni kwa njia gani halali zimfikie Ketut, na ufanye hivyo hivyo wanavyokuambia, bila ubunifu wowote. Nakusihi, Marlene, bila ubunifu.

Mkishatuma barua ndipo umwombe Gaynor radhi, nayo itakuwa imeiva yenyewe. Usimwombe radhi kwa kuamini bakshishi, maana ilikulelea mtoto na huna cha kuonea haya. Mwombe radhi kwa jioni ile, kwa kumfanyia kesi mbele ya daktari wa meno wa Texas. Naye akisema tena kwamba mngepaswa kudai mishahara, usimrukie. Mwambie, "Kweli, tungepaswa." Hutakufa.

Limebaki la Janelle, na ninajua ndilo lililokufanya uniandikie. Umeniandikia barua nzima kuhusu Gaynor, ukaweka lililokuuma kwenye mistari miwili ya mwisho, ukakimbilia kutia sahihi. Unadhani mwanao aliona haya kwa ajili yako, kwamba mama yake ni mwenye aproni ya kijani aliyepayuka mbele ya wakwe. Huenda. Lakini nakuuliza wewe uliyekuwepo: ni nani mwingine kwenye meza ile aliyekulia jikoni mwa mgahawa, aliyejua tangu akiwa na miaka saba jinsi uso wa mhudumu unavyokuwa bosi anapokaribia? Huenda alikuwa anamwangalia Ketut wakati wewe unamwangalia Gaynor. Huenda alikwambia ukae chini kama vile wewe ungemwambia mteja yeyote anayemharibia mwenzako kazi. Au huenda ni haya kweli, na hiyo nayo mtaizungumza. Mimi sijui, wewe hujui, Duane hajui hata bia alizokunywa. Anayejua ni mmoja.

Kwa hiyo usisubiri akupigie, mpigie wewe. Usimtajie ukumbi wala Oktoba. Mwambie neno lile limekuuma na kwamba unataka kujua lilitoka wapi, kisha funga mdomo. Usimkatize, usimkumbushe waya za meno. Kwa miaka thelathini na minne umesimama mbele ya watu usiowajua, ukawasikiliza mpaka wamalize kusema wanachotaka. Msikilize na mwanao hivyo hivyo.

Bi Verna